Mwanga Ufaao kwa Matumbawe Yafugwayo Nyumbani

Katika baadhi ya sebule za Ujerumani, Marekani na Japani huonekana tangi la kioo lililojaa maji ya chumvi, na ndani yake bustani ya matumbawe ya rangi ya kijani, zambarau na machungwa, samaki wadogo wakipita katikati. Mgeni atokaye Mombasa au Unguja huenda akashangaa. Kwake yeye tumbawe ni jiwe tu: ndilo lililojengea kuta za Lamu na za Mji Mkongwe, na ndilo limkatalo mguu mvuvi asiyevaa viatu. Huko ng'ambo kipande kisichozidi kidole gumba hununuliwa kwa fedha nyingi, kikalindwa kama mtoto mchanga.

Fedha hizo aghalabu hupotea kwa sababu moja. Mwenye tangi hununua mnyama kwanza, na taa huifikiria baadaye.

Yafaa ieleweke kwamba tumbawe lililo hai ni mnyama, au kwa usahihi zaidi ni kijiji cha wanyama wadogo waitwao polipu, waliojengeana mifupa ya chokaa. Ndani ya nyama yao mna mwani wa chembe moja, usioonekana kwa macho, uitwao zuzanthela. Mtaalamu wa Kijapani, Siro Kawaguti, aliyefanya uchunguzi wake katika visiwa vya Palau, ndiye aliyeonyesha mwaka 1944 mwani huo ni wa ukoo gani. Mwani hupokea mwanga na kutengeneza sukari, kama lifanyavyo jani la mhindi shambani, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humpa mwenyeji wake. Mwenyeji naye humpa maskani, na taka zake humwia mwani mbolea. Ni mpangaji alipaye kodi kwa chakula.

Kwa hiyo taa ya tangi la matumbawe si pambo. Samaki wa kawaida, kama perege wa maji baridi, huweza kuishi penye taa hafifu kabisa mradi apate chakula na maji safi. Tumbawe likitiwa penye mwanga mdogo limenyimwa chakula, hata kama maji yake ni masafi namna gani. Wala halifi siku ile ile. Hudhoofika kwa majuma mengi. Rangi yake nzuri hugeuka kahawia, kisha nyama huanza kurudi nyuma pembezoni na mfupa mweupe kutokeza. Mwenyewe hudhani ni ugonjwa, akanunua dawa.

Walakini kosa la upande wa pili huua upesi zaidi. Mwanga ukizidi kiasi, mwani huelemewa na kutoa namna ya oksijeni iliyo sumu kwa mwenyeji wake. Polipu humfukuza mpangaji wake, na tumbawe likapauka. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 baharini, pwani ya Kenya na ya Tanzania, maji yalipopata joto lisilo la kawaida: matumbawe mengi yalipauka na mengi yakafa. Huko kisa kilikuwa ni joto, na jua kali likaongeza madhara. Katika tangi la nyumbani taa peke yake yaweza kufanya kazi hiyo kwa siku chache.

Jambo la pili la kujua ni rangi ya mwanga. Maji humeza mwanga mwekundu mapema. Katika kina cha mita kumi mwekundu uliobaki ni kidogo sana, hali buluu huendelea kushuka. Matumbawe yamezoea hivyo, na ndiyo sababu taa zao huwa na ubuluu. Jua la adhuhuri hukadiriwa kuwa kiasi cha kelvini 5,500, na taa za matumbawe huuzwa kuanzia 10,000 hadi 20,000. Hapa mnunuzi na awe macho. Chini ya taa ya buluu tupu matumbawe mengi hung'aa kama makaa, na wenye maduka walijua hilo zamani. Kipande kilekile kikifikishwa nyumbani chini ya taa nyeupe huonekana cha kahawia, kama matope. Mnunuzi mwenye busara humwomba muuzaji awashe taa nyeupe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kiasi cha mwanga hakipimwi kwa wati. Wati ni umeme uliwao na taa, si mwanga ulifikao tumbawe. Wafugaji hutumia kipimo cha mikromoli kwa mita moja ya mraba kwa sekunde. Jua la adhuhuri la nchi za joto hufika kiasi cha 2,000 juu ya uso wa bahari. Matumbawe laini, na yale yenye umbo la uyoga, hutosheka na 50 hadi 100. Yale magumu yenye polipu kubwa hutaka 100 hadi 200. Na akropora, yenye matawi kama pembe za paa, hupewa 250 na zaidi. Chombo cha kupimia ni ghali, na kwa hiyo vyama vingi vya wafugaji hununua kimoja na kuazimana.

Zamani taa bora ilikuwa jua lenyewe. Lee Chin Eng wa Jakarta, ambaye makala yake ilisomwa sana mwaka 1961, alifuga matumbawe kwa mawe hai ya baharini, viputo vya hewa na mwanga wa jua la kwao. Watu wa nchi za baridi hawakuweza kumwiga, kwa kuwa jua lao la Desemba halifai. Walitumia taa za mirija, kisha zile za metali halaidi, za wati 250 au 400, zilizokuwa na nguvu kweli lakini zikipasha maji joto hata ikabidi kununua mtambo wa kuyapoza. Globu zake nazo zilichoka, na baada ya mwaka mmoja hivi hazikuwa na mwanga ule wa kwanza.

Taa za LED zilibadili mambo. Njia ya kutengeneza LED ya buluu yenye nguvu, iliyotangazwa na Shuji Nakamura mwaka 1993, ilimpatia yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mirija mipya ya kawaida ya fluoresenti imekatazwa kuingizwa sokoni tangu Agosti 2023, kwa ajili ya zebaki iliyomo. Tofauti ya gharama yaonekana: taa ya wati 400 ikiwaka saa kumi hula uniti nne za umeme kwa siku, LED ya wati 150 hula uniti moja na nusu.

Lakini LED ina hila yake. Mwanga wake hujikusanya katikati na kuacha vivuli pembeni, na mnyama aliye chini ya taa huungua huku jirani yake akishinda njaa. Kwa tangi la sentimita 120 kwa 60, taa mbili za wastani hufaa kuliko moja kubwa. Taa mpya na ianzwe kwa nusu ya nguvu yake au chini ya hapo, ikaongezwa polepole kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi. Kipande kipya kiwekwe chini kwanza, kisha kipandishwe. Saa nane hadi kumi za mwanga kwa siku zatosha, na swichi ya saa ifanye kazi hiyo, kwa kuwa binadamu husahau.

Mtu ahamishwaye kituo mara kwa mara afikiri mara mbili. Tangi la lita 200 lina uzito upitao kilo 200, na matumbawe hayasubiri lori. Tena matumbawe yenyewe yana sheria: yale magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila kibali, na katika hifadhi kama za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, haifai kuvunja hata tawi.

La mwisho lawahusu wenye watoto. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na matone yake huacha chumvi juu ya taa na katika soketi. Taa na ifungwe imara juu ya tangi, isiegemezwe. Waya uachwe ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili tone litiririkalo lidondokee sakafuni. Na njia ya umeme ya tangi iwe na swichi ya usalama ya miliampea 30, ile ikatayo umeme wenyewe unapovuja. Chumvi ifutwe kila juma kwa kitambaa chenye unyevu, taa ikiwa imechomolewa.