Wafuasi laki tatu hawarudishi hela yako

Wiki iliyopita swali lilikuja tena, safari hii kutoka kwa mama mwenye duka la nguo Morogoro: "Mwalimu, huyu muuzaji ana wafuasi laki tatu Instagram, na tiki ya bluu anayo. Nimtumie hela ya mzigo?" Nafundisha wafanyabiashara wadogo kuuza na kununua mtandaoni, na sijawahi kumaliza darasa bila kuulizwa hilo. Nimechoka kulijibu mlangoni watu wakiwa wameshabeba mikoba. Leo nalijibu kwa kirefu.

Wafuasi hawakuambii lolote kuhusu mzigo wako. Wafuasi wananunuliwa. Akaunti nzima nayo inanunuliwa: mtu anaikuza kwa udaku, mpira au mawaidha, ikishajaa watu anaiuza. Aliyeinunua anabadilisha jina, anafuta picha za zamani, anabandika za viatu. Wale laki tatu walifuata habari za Simba na Yanga. Hakuna hata mmoja aliyewahi kununua kiatu pale.

Tiki ya bluu, je? Zamani walipewa watu na taasisi zenye majina makubwa. Tangu 2023 kampuni ya Meta inaiuza pia kwa ada ya kila mwezi: unaonyesha kitambulisho, unalipa, unawekewa. Inathibitisha kuwa mwenye akaunti ndiye huyo anayejitaja. Kama ana stoo, kama mzigo umo, kama huwa anatuma, hayo hakuna aliyeyakagua.

Utaniambia maoni chini ya picha yanamsifu. Mwenye ukurasa ndiye anayeamua maoni gani yabaki. Aliyeibiwa akiandika, maneno yake yanafutwa na yeye anazuiwa, kisha wewe unayekuja kesho unakuta shukrani tupu. Na kama kuna msanii aliyemtangaza, alilipwa kutangaza. Hajawahi kuvaa kile kiatu.

Baya kuliko yote ni duka la kweli lililodukuliwa. Wateja ni halisi, picha ni halisi, historia ni ya miaka mingi, ila namba ya kulipia imebadilika tangu jana usiku. Hapo hata mteja wa siku zote anatuma hela bila kusita, kwa sababu anaamini ukurasa anaoufahamu.

Swali la kuuliza ni hili: kuanzia ninapolipa mpaka mzigo unanifikia, hela inakaa kwa nani? Wachina walikutana na shida hiyohiyo mwaka 2003, Alibaba ilipoanzisha soko la Taobao. Mnunuzi hakumwamini muuzaji, na muuzaji hakumwamini mnunuzi. Soko likaanza kuishika hela lenyewe hadi mnunuzi akiri kwamba amepokea, na mpango huo ndio ulioleta Alipay mwaka uliofuata. Huku kwetu, unayeagiza kwa meseji za Instagram au WhatsApp hakuna anayekushikia kitu. Mitandao hiyo ni ubao wa matangazo. Ukituma kwa M-Pesa au Airtel Money kwenye namba ya muuzaji, hela imeshakuwa yake kabla hujaiweka simu chini.

Ndiyo maana darasani nang'ang'ania aina za biashara ya mtandaoni, ingawa wengi wanaziona za kujibia mtihani. Muuzaji wa jumla wa Kariakoo anayemhudumia mwenye duka Singida, kampuni inayoomba zabuni ya serikali kwenye mfumo wa NeST, na kijana anayemuuzia mwenzake simu iliyotumika, wote wanafanya biashara ya kielektroniki. Hatari zao hazifanani hata kidogo. Wa zabuni ana mkataba, wa Kariakoo ana fremu ya kuendewa, na kijana wa simu ana namba tu, ambayo kesho inaweza kuzimwa.

Ufanye nini basi? Lipia ukipokea, inapowezekana. Ukiwa mkoani, mtume ndugu aliyeko Dar: muulize muuzaji mtaa, Kongo au Aggrey, jengo gani, fremu namba ngapi, akikwepa, acha. Fungua sehemu ya taarifa za akaunti uone ilianza lini na imebadili jina mara ngapi. Jina la biashara litafute kwenye usajili wa BRELA. Agiza kidogo kwanza. Ukipewa namba mpya ya kulipia, piga ile ya zamani uulize. Ukitumiwa picha ya risiti ya basi kuonyesha kwamba mzigo umetumwa, tafuta mwenyewe simu ya ofisi ya basi, usiitoe kwenye picha hiyo. Ukinunua kwenye tovuti kwa kadi ya benki, una njia ya kupinga malipo kupitia benki yako; hela ya simu haina ulinzi wa namna hiyo. Na ujue kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka muuzaji ajitambulishe kwa jina na anuani, kwa hiyo ukiuliza hujamvunjia mtu heshima.

Kama umeshaibiwa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo, uombe hela izuiwe kabla tapeli hajafika kwa wakala. Namba yake itume 15040. Nenda polisi utoe taarifa, uchukue namba ya RB. Mazungumzo usiyafute hata kama yanakuuma kuyaona, maana namba, tarehe na kiasi vilivyomo ndivyo mpelelezi atakavyoanzia.