Wareno Hawakujenga Mombasa

Kosa moja kuhusu Mombasa huja kwa sura mbili. Mgeni wa kwanza huuliza, "Mji wa Wareno uko upande gani?" Wa pili ana haraka zake: "Nikishaona Fort Jesus, kuna kitu kingine huko mjini ama niende zangu bichi?" Mwezi uliopita nililisikia kwa sura ya tatu, mbaya kuliko zote. Mwalimu mmoja alikuwa amewaleta wanafunzi wake kutoka bara. Akawasimamisha Ndia Kuu mbele ya nyumba yenye roshani ya mbao, akawaambia waandike kwamba mji huu ulijengwa na Wareno mwaka 1593. Watoto wakainamia madaftari, wakaandika. Mimi nilikuwa nimekaa barazani ng'ambo ya njia. Niliinuka, nikamwamkia, nikamwomba dakika kumi na watoto wake. Kwa uungwana wake, alinipa.

Kazi yangu ni historia ya kisiwa hiki na majengo yake, na kwa miaka mingi nimetembeza wageni katika mitaa yake. Kosa hili nimelisahihisha mara zisizohesabika, na linanichosha kwa sababu madhara yake hayaishii kwenye tarehe. Anayeamini kwamba Mombasa ni kazi ya Wareno hutazama Fort Jesus, yaani Ngome, akapiga picha kwenye sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, akaondoka. Mji wenyewe ameupita bila kuuona.

Tuanze na wageni waliofika kabla ya Wareno. Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alishuka hapa mwaka 1331 akalala usiku mmoja. Ameandika kwamba watu wa kisiwa hiki ni Waislamu wacha Mungu, chakula chao ni ndizi na samaki, na misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa. Vasco da Gama alitia nanga nje ya kisiwa mwezi wa Aprili 1498, miaka 167 baadaye. Na mwaka 1976, mtaalamu wa mambo ya kale Hamo Sassoon alipochimba katika uwanja wa hospitali kuu ya Pwani, alikuta mabaki ya makazi ya karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya Mreno kuonekana. Pale hospitali ni kaskazini ya Ngome. Mji wa kale zaidi, kwa hiyo, hauko hata pale mgeni anapoelekezwa na kibao cha "Mji wa Kale". Uko chini ya wodi na maegesho, na kila siku maelfu ya watu hupita juu yake.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote umetoka upande wa Wareno wenyewe. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji huu akauchoma moto. Katika meli zake alikuwamo Mjerumani mmoja, Hans Mayr, ambaye ameacha maelezo ya waliyoyaona walipoingia. Nyumba zilikuwa za mawe, zimepakwa chokaa, na baadhi zilikuwa na ghorofa tatu. Njia zilikuwa nyembamba hata watu wawili wasiweze kupita sambamba, na mbele ya nyumba kulikuwa na viti vya mawe vilivyozidi kuzibana njia hizo.

Viti vya mawe mbele ya nyumba! Mtu yeyote aliyelelewa Kibokoni au Kuze anajua hivyo ni vitu gani. Ni baraza. Jioni mzee huketi hapo na wenziwe, muuza kahawa akapita na dele lake la shaba na kaa la moto chini yake, akigonganisha vikombe ili asikike kabla hajaonekana. Baraza hizo zilikuwapo miaka 88 kabla ya jiwe la kwanza la Ngome kuwekwa, na walioziandika ni wale wale waliokuja kuuchoma mji. Waliuchoma tena mwaka 1528 chini ya Nuno da Cunha, na mwaka 1589 mambo yakawa yale yale. Mtu hachomi mara tatu mji ambao bado hajaujenga.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1593, na aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Ilijengwa kwa sababu mji ulikuwapo: mji wenye bandari, wenye biashara na Uarabuni na Bara Hindi, na wenye watu wasiokubali kutawaliwa. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mtoto wa mfalme aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, aliwageukia akamuua kapteni wao na kuitwaa Ngome. Kisha Waomani wakaizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, wakaichukua.

Haki yao Wareno nitawapa, kwa kuwa historia si ya kupendelea. Walikuwa na kitongoji kidogo karibu na Ngome, chenye kanisa na watawa wa Kiaugustino, na Ndia Kuu ya leo inafuata barabara yao. Jina lake, hata hivyo, ni la kwetu: kwa Kimvita njia ni ndia. Wametuachia maneno pia. Leso ni neno lao, meza ni lao, na gereza limetokana na neno lao la kanisa. Lakini nyumba ya Mreno ya kuishi, iliyosimama leo mtaani, ukinitaka nikuonyeshe moja, sina.

Basi ile nyumba ya Ndia Kuu yenye roshani ni ya nani? Nyingi ya nyumba anazozipiga picha mgeni ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Roshani za mbao zilizochongwa zimekuja na wafanyabiashara wa Kihindi, hasa wa Gujarat, na mafundi wao. Kuta ni matumbawe na chokaa, ufundi wa Waswahili wenyewe wa tangu zamani. Ingia ndani ya mojawapo ukikaribishwa, uinue macho. Utaona boriti, miti ya mikoko iliyopangwa mmoja mmoja kubeba dari. Sasa angalia upana wa chumba: kama mita 3, mara nyingi pungufu. Mwenye nyumba angeweza kuwa na mali ya kujaza jahazi, chumba chake kisingezidi hapo, maana mkoko haubebi dari kwa urefu unaozidi huo. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, vimefuatana kimoja nyuma ya kingine, na cha ndani kabisa ndicho cha siri na cha baridi. Jengo linajieleza lenyewe, wala halisemi Kireno.

Wapo pia wanaoliruka kosa hili wakaangukia jingine: kwamba mji umejengwa na Waarabu, Waswahili wakiwa watazamaji. Waomani walitawala, na baadhi ya koo zao zimekuwa wenyeji kabisa. Lakini wenye mji walijipanga katika Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili, yakiwamo Wamvita, Wakilindini, Wachangamwe, Watangana na Wajomvu. Tazama majina hayo kisha tazama vibao vya matatu. Ukipanda gari la Changamwe au Jomvu, unapanda jina la taifa la Waswahili. Kongowea, ambako leo watu hukimbilia nyanya na mitumba, ni jina la mji wa Mwana Mkisi, malkia ambaye mapokeo yanamtaja kabla ya mtawala mwingine, Shehe Mvita. Mitaa ya Mombasa ni kitabu cha historia kilicho wazi, na nauli ya matatu inatosha kukisoma.

Kwa hiyo, mgeni wangu, ushike mpango huu.

Uje Mji wa Kale asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, ule mahamri na mbaazi kwanza. Uanze na Msikiti wa Mandhry, unaotajwa kuwa wa mwaka 1570, mnara wake ukiwa umechongoka juu kama koni. Ukifika Ngome baadaye utakumbuka kwamba msikiti umeitangulia. Vaa nguo za stara, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na siku ya Ijumaa adhuhuri waachie waumini njia. Chukua mwongozaji aliyezaliwa mitaa hii. Akikuambia Wareno ndio waliojenga, mshukuru umwache. Ngomeni tenga saa mbili nzima: palikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, pamekuwa makumbusho tangu 1960, na UNESCO wamepaandikisha urithi wa dunia mwaka 2011. Usitoke bila kuona vitu vilivyoopolewa katika Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama hapo mbele wakati Ngome ilipozingirwa.

Mchana, Marikiti kwa viungo na mabuyu, halafu Biashara Street kwa leso. Soma jina la leso kabla hujalipa, usije ukampelekea mama mkwe matusi. Jioni nenda Mama Ngina Drive, kwenye mibuyu na upepo, ule mihogo yenye ndimu na pilipili huku meli zikiingia Kilindini. Kizingo na Ganjoni ni mitaa tulivu ya kulala. Majengo na Mwembe Tayari ndiko kwenye shughuli na chakula cha bei nafuu.

Wa treni, jua mapema kwamba stesheni ya SGR iko Miritini, nje ya kisiwa, na foleni ya kuingia mjini ni ndefu. Kaskazini unavuka Daraja la Nyali. Hapo Kengeleni ulizia kengele iliyoupa mtaa jina: ni ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa 1875. Mbele zaidi ni Bamburi na Haller Park, lililokuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda mivinje humo, na majongoo wakayasaga majani yake mpaka yakawa udongo. Watoto wapeleke huko, watakushukuru.

Na bichi, kwa kuwa najua utauliza. Diani haiko Mombasa, iko Kwale: unavuka feri ya Likoni, bure kwa anayetembea kwa miguu, kisha unashika matatu ya Ukunda. Feri uikwepe asubuhi na jioni watu wanapoenda na kurudi kazini. Watamu na Malindi ziko Kilifi. Bichi za Mombasa yenyewe ni Nyali, Bamburi na Shanzu, na ya umma yenye watu wengi ni ile ya Jomo Kenyatta, ambayo kila mtu anaiita Pirates. Kabla ya kwenda muulize mvuvi maji yanajaa saa ngapi. Yakipwa utatembea mwendo mrefu juu ya miamba bila kupata kina cha kuogelea, na siku za bamvua hurudi kwa kasi. Vaa viatu, kuna majani mengi na shokomoko huko chini, na mwiba wa shokomoko ukiingia mguuni utakaa nao siku nyingi.