Kutunga Upya Kazi za Kale: Kutoka Okestra za Ulaya hadi Kwaya za Upare

Kutunga upya, kwa maana inayokusudiwa katika makala haya, ni tendo la mtunzi kuichukua kazi ya kale inayofahamika na kuiandika tena kwa vyombo, lugha au hadhira ambayo mtunzi wa kwanza hakuifikiria. Tendo hili si geni katika kumbi za okestra. Mwaka 1900 Gustav Mahler aliongoza Simfoni ya Tisa ya Beethoven mjini Vienna akiwa ameongeza na kubadilisha sehemu za vyombo, na lawama zikawa nyingi hata akalazimika kujitetea kwa maandishi. Luciano Berio, katika *Sinfonia* ya mwaka 1968, aliitumia sehemu moja ya Simfoni ya Pili ya Mahler huyo huyo kama mkondo ambamo nukuu za watunzi wengine zinaelea. Mwaka 2012 Max Richter aliiandika upya *Misimu Minne* ya Vivaldi na, kwa kauli yake, akaacha takriban robo tatu ya kazi ya awali.

Wilayani Same hakuna okestra ya kudumu. Chombo kikuu cha muziki wa sauti nyingi ni kwaya ya sauti nne, ikisindikizwa na kinanda au, katika sharika za Kilutheri, na kikundi cha tarumbeta. Asili yake inaeleweka: wamisionari wa Leipzig, mji ambao Bach aliutumikia hadi kifo chake mwaka 1750, waliingia Upare mwanzoni mwa karne ya 20, na Waadventista walianza kazi Giti mwaka 1903. Kwa hiyo kazi ya kale inayofaa kuchunguzwa hapa si simfoni bali "Haleluya" ya Handel, kutoka *Messiah* iliyoimbwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, ambayo kwaya nyingi nchini huiimba.

Ugumu wa kuitia Kiswahili haupo pale mtu anapoutarajia. Neno "haleluya" lenyewe halina taabu: mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na Handel ameiweka "lu" juu ya pigo. "Milele na milele" nayo inakaa vizuri, ingawa ina silabi saba mahali pa sita za Kiingereza, hivyo nota moja hugawanywa. Tatizo ni "Mfalme wa wafalme". Handel aliandika maneno matatu mafupi, yakishikiliwa kwa nota ndefu na sauti za juu, huku sauti za chini zikijibu kwa haraka. Kiswahili kina silabi saba. Mwalimu wa kwaya akizigawanya nota hizo ili maneno yote yaenee, sauti za juu nazo zinaanza kukimbia, na ile tofauti kati ya utulivu na mbio, ambayo kwangu ndiyo roho ya kifungu hicho, inapungua. Akitaka kuihifadhi, hana budi kutafuta maneno mengine. Huo ni uamuzi wa mtunzi, wala hauwezi kuitwa tafsiri tu.

Mozart alifanya jambo la aina hiyo hiyo mwaka 1789: aliipokea *Messiah* ikiwa na maneno ya Kijerumani, akaongeza filimbi, klarineti na vyombo vingine vya kupuliza. Toleo lake linabeba jina lake hadi leo. Katika karatasi za solfa nilizoonyeshwa na wanakwaya, zilizonakiliwa kwa mkono kisha kutolewa fotokopi mara nyingi, jina la Handel lipo juu. La aliyeweka maneno na kugawanya nota halipo kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda tafsiri na mipangilio ya muziki kama kazi halisi, lakini ulinzi huo unamfaa nini asiyeandikwa? Hasara haiishii kwa mwalimu huyo. Anayenakili baada yake hukuta nota iliyogawanywa, hajui kama ni kosa la kalamu au ni kusudi, naye huirekebisha kwa kuilinganisha na nakala ya Kiingereza.