Farasi au punda wa mtoto: Upole kwanza, sura baadaye

LUKOLE, NGARA

MZAZI anayetaka kumnunulia mtoto mnyama wa kupanda hana budi kutazama mambo mawili kabla ya kutoa fedha: tabia ya mnyama huyo, na iwapo ataweza kuishi mahali anapopelekwa. Akikosea la kwanza, mtoto huvunjika mkono. Akikosea la pili, fedha hupotea pamoja na mnyama.

Katika eneo la Lukole, lililofahamika kwa kambi ya wakimbizi wa Burundi iliyofungwa kabla ya muongo wa 2000 kwisha, na katika wilaya za Ngara na Biharamulo kwa jumla, farasi ni nadra kuonekana. Sababu kubwa ni mbung'o, ambao makazi yao ni mapori kama ya Burigi, yaliyoingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019.

Mbung'o hueneza vimelea vya nagana, ugonjwa unaomkondesha mnyama, kumpa homa na kumpunguzia damu hadi kufa. Farasi huhimili maradhi hayo kwa shida kuliko punda. Zaidi ya hayo, usubi hueneza ugonjwa mwingine wa virusi ambao huua farasi wengi wasiochanjwa, ilhali punda huustahimili.

Kwa sababu hiyo, kwa familia nyingi za ukanda huo punda ndiye chaguo la busara. Hata hivyo, naye hana kinga kamili ya nagana. Dawa wanazochomwa ng'ombe asichomwe kwa kubahatisha, kwani baadhi yake humdhuru. Ni lazima daktari wa mifugo aulizwe.

Awe farasi au punda, kanuni za kumchagua hazitofautiani sana. Mnyama mchanga hafai kwa mpandaji mchanga, kwa kuwa wote wawili hawajui. Umri husomwa menoni: farasi hukamilisha meno ya mbele ya ukubwani akiwa na miaka 5 hivi, na wanaowafaa watoto zaidi ni waliovuka miaka 10 wakiwa na afya. Dume asiyehasiwa aepukwe.

Mnunuzi afike bila kutoa taarifa, amwone mnyama akikamatwa malishoni. Akikutwa tayari amefungwa huku akitoka jasho, huenda amechoshwa makusudi ili aonekane mpole. Kisha ashikwe masikio, tumbo na miguu, na kwato ziinuliwe moja moja. Apitishwe barabarani penye pikipiki, na atenganishwe na wenzake. Muuzaji ampande kwanza. Mtoto awe wa mwisho.

Uzito nao una kipimo chake. Mzigo wa mgongoni, pamoja na matandiko, usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mnyama. Punda wa kilo 150, kwa mfano, asibebeshwe zaidi ya kilo 30. Mtoto aliyezidi hapo amwongoze kwa kamba, na avae kofia ngumu kila apandapo.

Mnyama anayetoka wilaya nyingine asafirishwe kwa kibali cha ofisa mifugo, kwa kuwa Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003 inalenga kuzuia maradhi yasienezwe kwa njia hiyo. Ni vema pia kuthibitisha kuwa muuzaji ndiye mwenye mali. Biashara ya ngozi za punda ilichochea wizi wa wanyama hao katika nchi kadhaa za Afrika, hadi viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafiki, Februari 2024, kupiga marufuku uchinjaji wao kwa ajili ya ngozi.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Mara nyingi, hata hivyo, arushaye mateke ni yule aliyezoea kupigwa. Makovu mgongoni na kichwa kinachokwepa kila mkono unapoinuliwa ni dalili za kumfanya mzazi arudi nyumbani na fedha zake.