Maji ya Kiti cha Daktari wa Meno: Uliza Kabla Hujafungua Kinywa

Mzazi anayempeleka mtoto kwa daktari wa meno Diani, Ukunda au Msambweni huangalia kama sindano ni mpya na glavu zimebadilishwa. Ni vyema. Lakini wachache huuliza kuhusu maji yanayorushwa na mashine ndani ya kinywa.

Maji hayo hupitia mipira myembamba iliyofungwa kwenye kiti cha matibabu. Anayeweka maji kwenye mtungi wa plastiki anaujua ule utelezi unaoshika ndani usiposuguliwa. Utelezi huo hujijenga pia kwenye mipira hii, kwa sababu maji hulala humo usiku kucha na wikendi nzima, na bakteria huzaliana ndani yake. Hata maji yaliyoingia yakiwa safi hutoka yamechafuka. Kwetu Pwani, ambako maji mengi ni ya visima na hukaa kwenye matangi yanayopigwa na jua, joto nalo huchangia.

Mwaka 2016 huko Anaheim, California, nchini Marekani, watoto 71 waliotibiwa kiini cha jino la utotoni katika kliniki moja walithibitishwa au kushukiwa kuambukizwa bakteria aitwaye Mycobacterium abscessus. Bakteria huyu ni wa jamii moja na wa kifua kikuu, ila maambukizi haya hayatoki kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Dawa za kawaida hazimwezi. Watoto walilazwa na kupasuliwa, na baadhi wakapoteza meno ya ukubwani. Nchini Italia, mwaka 2011, mwanamke wa miaka 82 alifariki kwa nimonia ya bakteria wa Legionella waliolingana na wale wa kwenye mashine ya meno aliyotibiwa nayo.

Visa hivi ni nadra, na jino bovu lisilotibiwa nalo huleta usaha na homa. Kwa hivyo usiahirishe matibabu, uliza tu. Je, mipira husafishwa kwa dawa mara ngapi? Maji huachwa yatiririke sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa? (Kutiririsha pekee hakuondoi utelezi, dawa ni lazima.) Kwa upasuaji wa kinywa, ukiwemo wa kung'oa jino kwa kukata fizi, maji ya mpira hayafai kabisa: hutakiwa maji maalumu yasiyo na vijidudu. Kliniki inayofuata utaratibu haitakasirika kuulizwa. Angalia pia kama leseni yake imebandikwa ukutani.

Dalili huchelewa. Uvimbe wa fizi, taya au tezi za shingo unaweza kutokea wiki kadhaa, hata miezi, baada ya matibabu, mzazi akiwa ameshasahau. Ukiuona, usinunue vidonge dukani. Mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na umweleze mhudumu tarehe aliyotibiwa jino na mahali alipotibiwa.