Mwenye Safari ya Ziwani, Usione Haya Kulala Njiani

Ndugu msomaji, sisi watu wa Manyovu tumezaliwa milimani. Miguu yetu yaujua mteremko na utelezi, lakini maji haiyajui. Hata hivyo shughuli hutushusha ziwani: huyu ana harusi Kagunga, yule ana mgonjwa wa kutazama, mwingine afuata dagaa. Basi yafaa tuzungumze kidogo juu ya safari hiyo.

Ziwa Tanganyika si bwawa. Urefu wake wapata kilometa 670, na kina chake mita 1,470 hivi. Duniani ni ziwa Baikal tu, kule Urusi, lililolipita kwa kina. Kiangazi, upepo wa kusini hulichafua sana. Tena gati ni chache. Mwezi wa Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, meli ya Liemba ilisimama mbali na nchi kavu, na watu wakaifuata kwa boti ndogo.

Boti hizo ndogo hupita karibu na ufuko, kijiji hata kijiji. Hapo ndipo ulipo usalama wake: ziwa likichafuka, nahodha aweza kuingia.

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda boti ya mbao Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, niende mazikoni Kagunga. Tulipokwisha pita milima ya Gombe, upepo ukazidi. Nahodha, mzee wa maneno machache, akaielekeza boti Mwamgongo. Akasema, "Tunalala hapa."

Nikakasirika. "Mzee, maiti hangoji."

Akanitazama. "Mwanangu, wataka wazike wawili?"

Nikanyamaza. Usiku ule tulipokewa na jamaa wa mvuvi mmoja wasiotujua. Wakatupa ugali na migebuka, wakatutandikia mikeka. Alfajiri ziwa lilikuwa limetulia kama mawese katika bakuli. Kagunga nilikuta kaburi limekwisha fukiwa. Niliumia moyoni, lakini niliwashika mkono wafiwa, na wanangu walinipokea tena nyumbani.

Mtakatifu Paulo naye aliwaonya wenzake wasiiache bandari ya Krete wakati wa hatari. Hawakumsikia, na merikebu ikavunjika Malta. Wenyeji wa kisiwa wakawawashia moto, maana kulikuwa na mvua na baridi.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, kabla ya kupanda tazama: boti imezidi mzigo? Liko jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, hata mtoto? Nahodha ana akili timamu, hakunywa? Kama sivyo, shuka, hata kama nauli umekwisha lipa. Uliyemwahidi kufika, mwambie mapema kwamba ziwa laweza kukuchelewesha. Na nahodha akisema tulale, usimsukume kwa maneno kama nilivyofanya mimi.

Nasi wa milimani, mgeni akikwama kwetu kwa mvua, tukumbuke mikeka ya Mwamgongo.