Kushindwa kwa uigaji wa maagizo katika mashine pepe

Kushindwa kwa uigaji wa maagizo ni hitilafu inayotokea pale programu inayoendesha mashine pepe inapotakiwa kutekeleza agizo kwa niaba ya prosesa halisi, ikashindwa. Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine: ile ya nje huitwa mwenyeji na ya ndani huitwa mgeni. Mara nyingi mgeni husimama ghafla, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Sababu ya kuwepo kwa uigaji

Maagizo mengi ya mgeni hutekelezwa moja kwa moja na prosesa. Msemaji wa Kihangaza kutoka Ngara akivuka daraja la Rusumo huelewana na Wanyarwanda bila mkalimani. Msukuma aliyehamia Biharamulo humhitaji. Kiigaji ndiye mkalimani huyo, na hitilafu hutokea anapokutana na neno asilolijua.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg walieleza masharti ambayo prosesa inapaswa kutimiza ili mashine pepe iendeshwe kwa usalama. Prosesa za familia ya x86 hazikuyatimiza mpaka Intel ilipoongeza VT-x mwaka 2005 na AMD ikafuata mwaka 2006. KVM, iliyoanzishwa na Avi Kivity, iliingizwa katika Linux toleo 2.6.20 mwaka 2007.

Hata hivyo uigaji haukwisha. Mgeni anapoandika kwenye anwani ya kifaa kisichokuwepo kweli, kama kadi ya mtandao, KVM hulazimika kulisoma agizo lenyewe ili kujua ni data gani inayoandikwa. Tena prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha Westmere cha mwaka 2010 haziwezi kumwendesha mgeni moja kwa moja katika hali ya biti 16, ambayo kila kompyuta ya x86 ya kawaida huanzia inapowashwa. Jambo hili lina uzito kwa shule zinazotumia kompyuta za mitumba: mashine yenye VT-x huonekana inafaa, kumbe mgeni anaweza kukwama kabla mfumo wa uendeshaji haujaanza.

Kutafuta chanzo

QEMU, inayotumika pamoja na KVM, huandika ujumbe «KVM internal error. Suberror: 1», kisha hali ya rejista zote. Wengi huwasha mashine upya bila kuusoma, na hapo ushahidi hupotea. Mistari mitatu ndiyo yenye faida zaidi.

EIP (au RIP kwa biti 64) huonyesha anwani ya agizo lililoshindikana. CR0 huonyesha hali ya prosesa: biti yake ya chini kabisa ikiwa 0, mgeni yuko katika hali ya biti 16, na shaka iangukie umri wa prosesa. Mstari wa Code huonyesha baiti zenyewe kwa heksadesimali, na ile inayoanza agizo huwekwa kati ya alama < na >. Agizo la x86 halizidi baiti 15, hivyo baiti hizo zinatosha kulitambua kwa programu kama objdump.

Baiti zikiwa 00 mfululizo, au FF mfululizo, kosa huenda si la kiigaji hata kidogo. Mgeni ameruka kwenda mahali pasipo na programu, na chanzo kitafutwe nyuma zaidi. Baiti zikiwa agizo halali, kinachokosekana ni ujuzi wa kiigaji. Mfano unaojulikana ni maagizo ya AVX: kwa miaka mingi kiigaji cha KVM hakikuyajua, na programu iliyoyatumia kunakili data kwenye kumbukumbu ya kifaa ilikwama.

Ni vizuri pia kutazama nani alikuwa akitekeleza agizo. Likitoka katika programu ya kawaida ya mgeni, KVM humrudishia mgeni kosa la agizo haramu, na programu hiyo peke yake hufa. Likitoka katika kiini cha mfumo wa uendeshaji, mashine nzima husimamishwa.

Tiba hutegemea chanzo. Kusasisha kiini cha Linux cha mwenyeji huongeza maagizo yanayofahamika. Kumficha mgeni uwezo wa AVX kupitia mipangilio ya prosesa humfanya achague njia nyingine. Kwenye kompyuta ya zamani, QEMU inaweza kuendeshwa bila KVM: itakwenda polepole sana, lakini itawaka.